Kombe kwetu, kura kwao: raga ya dunia inataka mageuzi

Ndugu msomaji, kama umezoea kudhani kwamba mizengwe ya uchaguzi ni ugonjwa wa siasa peke yake, leo nakualika kwenye mchezo wa raga. Najua utaguna. Raga si mchezo wa vijiweni kwetu. Kijiweni tunabishana Simba na Yanga mpaka kahawa inakwisha kwenye dele, na hakuna anayeuliza raga imekwendaje. Lakini usigeuze ukurasa kwanza. Mchezo huu wa mpira wenye umbo la yai una kisa ambacho mlalahoi yeyote aliyewahi kupanga foleni ya kupiga kura atakielewa haraka kuliko profesa.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 15 Novemba 2017, Baraza la World Rugby, ambalo ndilo bunge la raga duniani, lilikutana London kuchagua mwenyeji wa Kombe la Dunia la 2023. Waliogombea walikuwa watatu: Afrika Kusini, Ufaransa na Ireland. Kabla ya siku hiyo wataalamu wa World Rugby wenyewe walikuwa wamepima viwanja, usalama, hoteli na fedha za kila mgombea, wakatoa maksi. Afrika Kusini ikawa ya kwanza, Ufaransa ya pili, Ireland ya tatu. Ikatolewa rasmi kauli kwamba kombe lipelekwe Afrika Kusini.

Kisha wakubwa wakaingia chumbani kupiga kura ya siri. Walipotoka, Ufaransa ilikuwa na kura 24, Afrika Kusini 15. Aliyeongoza darasa akaambiwa arudi nyumbani, nafasi akapewa wa pili. Nani alipiga kura gani, na kwa bei gani? Siri yao.

Mungu si Athumani. Mwaka 2023 Afrika Kusini walikwenda huko huko Ufaransa kama wageni. Kwenye robo fainali wakawatoa wenyeji kwa pointi 29 kwa 28. Nusu fainali wakawatoa England 16 kwa 15. Tarehe 28 Oktoba, pale Stade de France, wakawafunga New Zealand 12 kwa 11. Pointi moja, pointi moja, pointi moja, kombe likapanda ndege kurudi Afrika. Walinyimwa kuandaa karamu, wakaenda kuila kwenye nyumba ya aliyewanyang'anya.

Hapo ndipo penye swali la leo. Nani ataitawala raga ya dunia miaka ijayo: anayeshinda uwanjani, au anayeshinda mezani?

Tuanze na uwanja, maana uwanja hauna siri. Kombe la Dunia la raga lilianza 1987. Mpaka 2023 limechezwa mara 10. Afrika Kusini wamelichukua mara nne, New Zealand mara tatu, Australia mara mbili. Jumla ni makombe tisa kwa nchi za Kusini mwa dunia. Ulaya yote, pamoja na fedha zake zote, wamelipata moja tu, la England mwaka 2003. Tena kumbuka kwamba Afrika Kusini hawakucheza 1987 wala 1991 kwa sababu ya makaburu na ubaguzi wao wa rangi. Ukihesabu haki kwa jasho, bendera ya raga ingepepea Kusini.

Sasa njoo mezani. Chama cha raga cha dunia kiliundwa 1886 na Scotland, Ireland na Wales. England wakajiunga 1890. Australia, New Zealand na Afrika Kusini walikaa miaka mingi wakisubiri, wakapewa viti kamili 1948. Ufaransa ikaingia 1978. Ni klabu ya marafiki iliyogeuka kuwa serikali ya dunia bila kubadilisha tabia za klabu. Mwenye ufunguo ndiye anayeamua nani aingie, aketi wapi, na ale nini.

Chukua uchaguzi wa mwenyekiti wa mwaka 2020. Kura zote zilikuwa 51. Vyama sita vya Ulaya vinavyocheza mashindano ya Mataifa Sita, yaani England, Ufaransa, Ireland, Scotland, Wales na Italia, vilikuwa na kura tatu tatu. Jumla kura 18. New Zealand, Australia, Afrika Kusini na Argentina nao tatu tatu, jumla 12. Na Shirikisho la Raga Afrika, linalobeba nchi zaidi ya 30 za bara hili? Kura mbili. Fiji, ambao wakati huo ndio walikuwa mabingwa wa Olimpiki wa raga ya wachezaji saba, kura moja. Italia, ambao walikuwa hawajashinda hata mechi moja ya Mataifa Sita tangu 2015, kura tatu!

Kushinda kulihitaji kura 26. Piga hesabu mwenyewe. Kapu la nchi sita za Ulaya peke yake ni zaidi ya theluthi mbili ya safari. Wengine mnaanzia mstarini, wao wanaanzia karibu na goli. Bw. Agustín Pichot wa Argentina, aliyegombea kwa sera ya mageuzi, akaanguka kwa kura 23 dhidi ya 28 za Bw. Bill Beaumont, nahodha wa zamani wa England. Hakuna sanduku lililoibwa, hakuna karatasi iliyochomwa. Wizi wa namna hii hauhitaji giza, kwa sababu umeandikwa kwenye katiba. Wewe msomaji wa gazeti hili huhitaji kuelezwa zaidi.

Watetezi wao watasema: mbona Novemba 2024 alichaguliwa Bw. Brett Robinson wa Australia, mwenyekiti wa kwanza kutoka Kusini? Kweli, na tumpe haki yake. Alipata kura 27, akamshinda Bw. Abdelatif Benazzi wa Ufaransa aliyepata 25. Lakini abiria wa daladala anajua kwamba kubadilisha dereva si kubadilisha njia. Kama uzito wa kura ni ule ule, gari litapita vituo vile vile. Na utani wa historia uone hapo hapo: huyo Bw. Benazzi aliyesimama kwa jina la Ufaransa ni mzaliwa wa Oujda, Morocco. Mtoto wa Afrika akikaribia kiti cha enzi, anakikaribia akiwa na pasi ya Ulaya.

Hilo linatupeleka kwenye suala la fedha, maana mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mwaka 1995 raga iliacha kuwa mchezo wa ridhaa, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa. Tangu siku hiyo vipaji vinafuata hundi. Ligi ya Ufaransa inauza haki za televisheni kwa zaidi ya yuro milioni 100 kwa msimu mmoja. Vijana wa Fiji, Samoa na Tonga wamejazana kwenye klabu zake. Mwaka 2021 kampuni ya uwekezaji ya CVC ilinunua sehemu moja ya saba ya Mataifa Sita kwa kiasi kinachofikia pauni milioni 365. Mwaka 2022 New Zealand nao, na ukubwa wao wote, wakauza hisa za biashara yao kwa kampuni ya Marekani, Silver Lake. Klabu nne kubwa za Afrika Kusini ziliacha ligi ya Kusini, na tangu 2021 zinacheza ligi moja na timu za Ireland, Wales, Scotland na Italia. Mabingwa wa dunia wanapanda ndege kwenda kutafuta riziki kwa watu wanaowafunga.

Ndiyo maana nasema ukitazama vikombe peke yake utadanganyika. Kusini inashinda mechi, Kaskazini inamiliki duka.

Je, Kaskazini kuna amani? La hasha. Klabu za England za Worcester na Wasps zilianguka kifedha mwaka 2022, London Irish ikafuata 2023. Wales, taifa ambalo raga kwao ni kama dini, walipoteza mechi 18 mfululizo kati ya 2023 na 2025. Machi 2025 walikandikwa na England 68 kwa 14, tena nyumbani kwao Cardiff. Na wakubwa wa Kusini si wote wazima. Australia walitolewa kwenye hatua ya makundi mwaka 2023 baada ya kufungwa na Wales 40 kwa 6. Daraja la zamani lina nyufa pande zote.

Wakati huo huo walioitwa wadogo wanabisha hodi kwa ngumi. Japani waliwafunga Afrika Kusini 34 kwa 32 mwaka 2015, na 2019 wakafika robo fainali wakiwa wenyeji. Georgia waliwafunga Wales kwao Cardiff mwaka 2022. Fiji, mwaka 2023 peke yake, waliwafunga England Twickenham 30 kwa 22, kisha wakawafunga Australia 22 kwa 15 kwenye Kombe la Dunia. Argentina waliwafunga New Zealand kwa mara ya kwanza mwaka 2020, na Agosti 2025 wakawafunga tena pale Buenos Aires, 29 kwa 23.

Wakubwa walipoona hodi zimezidi wakafanya nini? Wakabadilisha kitasa. Mwaka 2023 Baraza lilipitisha mpango wa ligi mpya ya mataifa, iliyopangwa kuanza Julai 2026, yenye timu 12: zile sita za Ulaya, zile nne kubwa za Kusini, pamoja na Japani na Fiji. Wengine wote wakawekewa daraja la pili, na mlango wa kupanda na kushuka hautafunguliwa mpaka 2030. Yaani timu ya daraja la pili hata ikishinda kila mechi, haina pa kupandia kwa miaka yote hiyo. Georgia abaki nje, Wales akae ndani hata akifungwa mpaka macho yatoke. Na Fiji waliokaribishwa ndani? Mechi zao za "nyumbani" za Julai 2026 zikapangwa kuchezwa Uingereza! Umealikwa harusini, lakini harusi ni ya kwako na ukumbi ni wa jirani, na kiingilio anakusanya jirani.

Usishangae, Afrika tulishaonja. Mashindano ya Afrika ya mwaka 2022, ambayo yalikuwa ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, yalichezwa Marseille na Aix-en-Provence, Ufaransa. Kenya na Namibia walikutana kwenye fainali ya Afrika kwenye ardhi ya Mfaransa. Namibia wakashinda 36 kwa 0 na kwenda Kombe la Dunia, ambako Ufaransa iliwafunga 96 kwa 0. Sasa niambie, kijana wa Nairobi au Windhoek ambaye hakuiona fainali ya bara lake kwenye uwanja wa bara lake, ataupenda mchezo huo kupitia wapi?

Utaniambia: ndugu mwandishi, haya yanatuhusu nini sisi wa Dar es Salaam? Nami nitakujibu kwa historia. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Nchi zaidi ya 20 za Afrika ziligomea Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ziara hiyo, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, hakukimbia. Medali ya dhahabu ya mbio hizo ikachukuliwa na John Walker, tena raia wa New Zealand! Kwa hiyo usiseme raga haituhusu. Sisi tumeshailipia, na bei yake ilikuwa kubwa. Wakubwa wa raga walipokula na makaburu, Mtanzania ndiye aliyelala njaa.

Leo Afrika Kusini ile ile inaongozwa uwanjani na Siya Kolisi, kijana mweusi aliyekulia kwenye umaskini wa Zwide, aliyebeba kombe kama nahodha 2019 na 2023. Hiyo ni fahari yetu sote. Lakini fahari haipigi kura. Kombe la Dunia limefika Afrika mara moja tu, mwaka 1995, siku Mzee Mandela alipovaa jezi namba 6. La 2027 limepewa Australia, la 2031 limepewa Marekani. Hata tukilipata linalofuata, la 2035, tutakuwa tumesubiri miaka 40. Aliyezaliwa siku ile ya Mandela atakuwa baba wa watoto.

Nami nasema bila kumung'unya maneno: wanaoitawala raga wanaihitaji Afrika zaidi ya Afrika inavyowahitaji wao. Tazama ni nani wamewabeba. Nahodha wa Ufaransa kwenye fainali ya 2011, Thierry Dusautoir, alizaliwa Abidjan. David Pocock aliyekuwa nahodha wa Australia ni mzaliwa wa Zimbabwe. Tendai Mtawarira aliyesukuma mbele ya Afrika Kusini mpaka kombe la 2019 alizaliwa Harare. Na hiyo Zimbabwe iliyonyonywa hivyo, Julai 2025 iliwafunga Namibia 30 kwa 28 pale Kampala na kukata tiketi ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991. Kombe la 2027 limeongezwa mpaka timu 24. Za Afrika ni mbili tu.

Wenzetu wa Kenya nao walionyesha njia. Aprili 2016, kwenye raga ya wachezaji saba pale Singapore, waliwachapa Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali. Fiji hao hao miezi michache baadaye wakachukua dhahabu ya Olimpiki. Kipaji kipo. Kinachokosekana ni mechi za kutosha, fedha, na sauti mezani.

Wapo watakaosema kwamba mwenye fedha ndiye mwenye haki ya kuamua. Hoja hiyo niisikie mara moja tu. Kwa desturi ya raga, mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji. Novemba 2017 Samoa walicheza na England kwenye uwanja wa Twickenham, ambao unachukua watu zaidi ya 80,000. Samoa walikuwa hoi kifedha, chama cha England kikawapa pauni 75,000 kama hisani. Wachezaji wa England waliripotiwa kulipwa kama pauni 22,000 kila mmoja. Yaani posho za Waingereza wanne zilizidi hisani ya taifa zima! Kwanza wanakunyima haki yako, halafu wanakurudishia kipande chake wakikiita msaada, na wewe useme ahsante. Nani kasema mwenye fedha ameichuma peke yake? Mechi haina timu moja.

Basi mizani ya miaka ijayo itainama wapi? Uwanjani, Afrika Kusini wataendelea kutisha, na Ufaransa watawafuata kwa karibu, kwa sababu wana fedha na vijana wao wa chini ya miaka 20 walikuwa mabingwa wa dunia 2018, 2019 na 2023. Mezani, kila jicho linatazama soko la Marekani kwa ajili ya 2031. Mwenye televisheni atavuta kamba kwake. Afrika ikikaa kimya itagawiwa jukumu lile lile la siku zote: kuzalisha misuli, kupeleka misuli, na kuitazama misuli hiyo kwenye runinga ikishangilia bendera ya mwingine.

Kuizuia hali hiyo kunahitaji mambo manne. Kwanza, kura ya Baraza ihesabiwe upya. Bara lenye nchi zaidi ya 30 zinazocheza mchezo halistahili kuzidiwa kura na Italia. Pili, kura za Afrika zipigwe hadharani. Hao viongozi wanaokwenda huko na kura mbili za bara zima watueleze, kabla na baada, wamempa nani na kwa faida gani. Kura ya siri ni kinga ya mwananchi dhidi ya mkubwa, si kichaka cha mkubwa kujificha wananchi wasimwone. Tatu, mlango wa kupanda na kushuka daraja ufunguliwe mapema, na mechi za Afrika zichezwe Afrika. Nne, Afrika Kusini wakumbuke kwamba kaka mkubwa hali peke yake. Makombe manne bila kuwavuta Kenya, Uganda, Zimbabwe na Namibia kwenye mechi za kila mwaka ni utajiri wa kabati.

Na wewe kijana mwenzangu, usisubiri wakubwa. Raga ya wachezaji saba inahitaji uwanja na mpira mmoja. Wakoloni waliuzungushia mchezo huu ukuta wa klabu zao, wakatuaminisha kwamba ni wa wenye nacho. Fiji ni nchi ya watu wasiofika milioni moja, na wanaitisha dunia. Wachezaji wakiwa wengi, madai yanakuwa na nguvu, kwa sababu hakuna anayeweza kulipuuza jeshi lililokwisha kufika mlangoni.

Mwaka 1976 Tanzania haikuwa na timu ya raga ya kutisha mtu. Ilikuwa na msimamo, na dunia ikatikisika. Leo Afrika ina kombe mkononi, kisha inaogopa kuomba kiti? Mwenye kombe asiye na kura ni sawa na mwananchi mwenye nchi asiye na sauti. Ugonjwa ni mmoja, na dawa yake ni moja: mageuzi.